Kiegemeo cha Cherehe: Kipande cha Chuma Kinachoamua Makali

Patasi iliyofuliwa kwa chuma kizuri na kunolewa kwa jiwe zuri inaweza bado kukata vibaya, kwa sababu makali hutegemea zaidi uthabiti wa pembe ambayo chuma na jiwe hukutana kwayo, na katika karakana yenye mashine ya kunolea pembe hiyo huamuliwa na kipande kidogo cha chuma ambacho wachache hukijali. Kipande hicho ni kiegemeo, yaani kibamba kilichofungwa mbele ya jiwe ili fundi apate mahali pa kulaza zana anapoinoa, na hoja ya makala haya ni kwamba kiegemeo kinachoundwa na fundi mwenyewe, kwa vyuma vilivyobaki kwenye kazi nyingine, mara nyingi hukishinda kile kilichokuja na mashine, kwa kuwa cha kiwandani hakikubuniwa kwa ajili ya zana anazonoa.

Mashine yenyewe ina majina zaidi ya moja. Kamusi zimehifadhi neno cherehe, lenye asili ya Kiajemi na lenye undugu na cherehani, kwani yote mawili yanarudi kwenye dhana ya gurudumu. Mafundi wengi, hasa wa gereji, huiita grainda ya meza ili kuitenga na grainda ya mkono inayokatia nondo na kusawazishia viungo vilivyochomelewa. Humu itaitwa cherehe. Ni mota ya umeme iliyofungwa juu ya meza au ubao mzito, ikiwa na mhimili mmoja unaotokeza pande zote mbili, na kila upande umebeba jiwe la mviringo: moja la chembe nene, aghalabu namba 36 au 46, na jingine la chembe laini zaidi, namba 60 au 80. Namba hizo hutokana na chekeche linalochujia chembe, kwa maana kwamba kadiri matundu yanavyokuwa mengi katika urefu wa inchi moja ndivyo chembe zinazopita zinavyokuwa ndogo. Chembe zenyewe, ambazo kwa mawe ya kijivu na meupe huwa ni oksidi ya alumini, hushikamanishwa kwa udongo maalumu uliochomwa hadi ukawa kama kauri, na ndiyo maana jiwe la cherehe ni gumu sana na papo hapo ni jepesi kuvunjika kama sahani.

Mwendo wake hauonekani kwa macho, na kwa hiyo hudharauliwa. Katika nchi zinazotumia umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, mota ya kawaida ya cherehe huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, na jiwe lenye kipenyo cha milimita 150 likizunguka kwa kasi hiyo, uso wake hupita mbele ya fundi kwa takriban mita 23 kila sekunde, ambayo ni zaidi ya kilometa 80 kwa saa, yaani mwendo wa basi kwenye barabara kuu. Jiwe la milimita 200 hupita kilometa 100. Chuma kinapoguswa na uso wa namna hiyo hakingoji mkono urekebishe kosa lake. Kutetereka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho kumekwisha kuacha alama, na alama hiyo haifutiki ila kwa kula chuma kingine zaidi.

Kiegemeo kinachotoka kiwandani kwenye cherehe za bei ya chini, ambazo ndizo nyingi madukani, huwa ni bati lililokunjwa, lenye unene wa milimita mbili au tatu, upana unaozidi jiwe kidogo tu, na tundu moja refu linalokazwa kwa bolti moja. Aliyelibuni alimfikiria mtu anayeondoa ncha kwenye bolti iliyokatwa au anayesawazisha kipande cha chuma kabla ya kukichomelea, na kwa kazi hizo bati hilo linatosha. Hakumfikiria seremala mwenye ubapa wa randa wa milimita 50 unaohitaji kunyooka kutoka pembe moja hadi nyingine, wala mkerezaji ambaye zana zake ndefu hurudi kwenye cherehe kila baada ya muda mfupi wa kazi. Bati hilo likikandamizwa hupinda, bolti yake ikitikiswa hulegea, na kwa kuwa halina upana wa kutosha, ubapa ukisogezwa upande hupoteza nusu ya mahali pa kulala na kuzama kwenye kona ya jiwe.

Matokeo yake yanaonekana kwenye mabenchi ya useremala kuanzia Keko jijini Dar es Salaam hadi Gikomba jijini Nairobi, ambako si ajabu kukuta patasi ambayo mshazari wake, yaani ule mteremko unaoishia kwenye makali, una nyuso tatu au nne badala ya mmoja, kila uso ukiwa ni kumbukumbu ya siku moja ya kunoa. Patasi ya aina hiyo hukata, lakini haikati pale fundi anapoielekeza, kwa sababu sehemu ya mshazari inayogusa mti siyo ile aliyoitazamia. Naye akiona haikati vizuri huirudisha kwenye jiwe, ambalo huongeza uso wa tano. Hivyo chombo ambacho kingemtumikia fundi kwa miaka mingi kikifupishwa taratibu, hufika kwenye mpini kikiwa hakijafanya hata nusu ya kazi iliyokuwa ndani yake.

Madhara ya joto ni makubwa zaidi na hayaonekani upesi. Chuma cha patasi, cha randa na cha panga, pamoja na kile cha springi za magari ambacho wahunzi wengi hukifua kuwa zana, hupata ugumu wake kwa kuchomwa hadi kiwe chekundu na kupozwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa joto dogo ili kipunguze wepesi wa kuvunjika bila kupoteza ugumu wote. Hatua hii ya pili ndiyo inayoharibiwa kwenye cherehe. Chuma kilichong'arishwa kikipata joto la nyuzi 220 hivi za Selsiasi huvaa rangi ya manjano hafifu kama ya majani makavu. Kwenye nyuzi 255 huwa kahawia, kwenye 275 zambarau, na kinapokaribia 300 hugeuka buluu. Rangi hizo ni utando mwembamba wa kutu changa ya moto, na mtu anaweza kuufuta kwa msasa kwa dakika moja, ila ugumu uliokwisha kuondoka chini yake haurudi kwa kufutwa, bali kwa kuanza upya kwenye moto wa mhunzi au kwa kukata sehemu yote iliyogeuka buluu. Ncha ya makali ni nyembamba kiasi kwamba haina mahali pa kupelekea joto, kwa hiyo hugeuka rangi mapema kuliko sehemu nyingine yoyote, na zaidi pale zana inapokandamizwa mahali pamoja kwa sababu mkono unaogopa kuisogeza juu ya bati lisilo imara. Kiegemeo kipana na kilichonyooka humwezesha fundi kuusogeza ubapa huku na huku bila kuukandamiza, akiuchovya kwenye maji kila baada ya mipito michache. Zana za chuma chenye tungsteni au molibdeni, kile cha kasi kubwa kinachotumiwa kutengenezea keekee nzuri na visu vya mashine za kukerezea, hustahimili hadi karibu nyuzi 600 na hazipaswi kuchovywa kwenye maji zikiwa na moto mkali, kwani huweza kupata nyufa ndogo zisizoonekana. Hizo huachwa zipoe zenyewe.

Wapo mafundi wanaokidharau kiegemeo kwa hoja kwamba mkono uliozoea hauhitaji gongo la kuutegemeza, na hoja hiyo haistahili kupuuzwa. Wanoa visu wanaopita mitaani na baiskeli, ambao husimamisha baiskeli kwenye stendi yake na kulizungusha jiwe kwa pedali, hunoa visu na mikasi siku nzima wakiongozwa na macho, sikio na mguso wa vidole, na kisu cha jikoni hutoka mikononi mwao kikiwa kimenyooka. Lakini kisu husamehe: makali yake ni marefu, pembe yake ikibadilika kidogo mpishi hatambui, na jiwe la baiskeli huzunguka kwa mwendo wa miguu. Patasi haisamehe. Methali isemayo mchagua jembe si mkulima imetumiwa mara nyingi kuwanyamazisha vijana wanaolalamikia vifaa vibovu, na pengine ingetumiwa kwa uangalifu zaidi, maana mkulima anayelima kwa jembe butu hupoteza jasho lake tu, ilhali anayenoa kwenye kiegemeo kibovu hupoteza na jembe lenyewe.

Upo pia upande wa usalama, ambao hauruhusu mjadala. Jiwe la cherehe huzunguka likishuka kuelekea kwenye kiegemeo, hivyo kitu chembamba kikiwekwa mahali penye mwanya mkubwa kati ya jiwe na kiegemeo huvutwa chini, hukwama kama kabari, na jiwe, ambalo halina uwezo wa kupinda, huweza kupasuka na vipande vyake kuruka kwa mwendo uleule wa basi uliotajwa. Kanuni za usalama kazini za Marekani zimeuwekea mwanya huo kikomo cha sehemu moja ya nane ya inchi, sawa na milimita tatu hivi, na mwanya kati ya jiwe na ulimi wa juu wa kingio, yaani kile kifuniko cha chuma kinachozunguka jiwe, umewekewa milimita sita. Vipimo hivyo viwili vimekuwa desturi ya mafundi makini katika nchi nyingi. Nchini Tanzania Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na nchini Kenya ile ya mwaka 2007, zinataka sehemu hatari za mashine zikingwe, lakini sheria haiwezi kusimama kando ya kila jiwe kupima mwanya. Mara nyingi kiegemeo cha kiwandani huondolewa kabisa kwa kuwa kinasumbua, na kingio hufuata, na hapo cherehe hubaki mawe mawili yaliyo wazi. Fundi anayeunda kiegemeo chake hana budi kukichukulia kikomo cha milimita tatu kuwa sehemu ya ramani ya kazi yake, na kiegemeo kisichoweza kusogezwa kulifuata jiwe kadiri linavyopungua hakifai hata kama kimechomelewa kwa ustadi wa namna gani.

Kabla ya kukata chuma chochote, inafaa kuielewa jiometri ya jambo lenyewe, ambayo si ngumu. Mahali zana inapoligusa jiwe, uso wa jiwe una mwelekeo wake, ambao wanahisabati huuita tanjiti, yaani mstari unaoligusa duara mahali pamoja tu bila kulikata. Pembe ya mshazari wa patasi ni pembe kati ya mstari huo na ubapa wa patasi. Mguso ukiwa sawa kabisa na kimo cha mhimili, tanjiti husimama wima; kwa hiyo zana iliyolazwa sambamba na sakafu ingetoka na pembe ya nyuzi 90, ambayo ni ubutu mtupu, na ili kupata nyuzi 25 zinazotakiwa kwa patasi ya kawaida, meza ya kiegemeo italazimika kuinamishwa nyuzi 65, mpini ukielekea chini na makali yakitazama juu. Mwinamo huo ni mkali mno, kwani mpini hugonga meza ya kazi na vidole havina mahali pa kupita. Mguso ukipandishwa juu ya mhimili, tanjiti hulala nyuma na mwinamo unaohitajika hupungua, kwa kanuni rahisi: mwinamo wa meza ni nyuzi 90 ukiondoa nyuzi za kupanda kwa mguso, kisha ukiondoa pembe ya mshazari. Mguso ukiwa nyuzi 40 juu ya mhimili, patasi ya nyuzi 25 huhitaji meza iliyoinama nyuzi 25 tu, na mkono hukaa kwa raha. Kwenye jiwe la milimita 150 mahali hapo pako karibu milimita 48 juu ya kitovu, na bado ni ndani ya sehemu ambayo kingio kimeruhusiwa kuiacha wazi, kwani kanuni zilezile za Marekani hazitaki uwazi wa cherehe ya meza upande kupita nyuzi 65 juu ya usawa wa mhimili.

Kutokana na hesabu hiyo fundi hujua kwamba kiegemeo chake kinahitaji miendo mitatu: kusogea mbele na nyuma kulifuata jiwe, kupanda na kushuka, na kuinama. Cha kiwandani kwa kawaida kina mmoja na nusu.

Sehemu za kiegemeo cha chuma ni tatu, nazo ni kitako, mguu na meza. Kitako ni bamba la unene wa milimita sita, upana wa 80 na urefu wa 150, lenye matundu mawili marefu ya upana wa milimita 10 na urefu wa 50, yaliyoelekezwa kwenye jiwe. Bolti mbili hupita kwenye matundu hayo na kukaza kitako juu ya ubao uleule ulioshikilia cherehe. Ubao huo kuwa mmoja si jambo dogo, kwa sababu cherehe hutetemeka, na kiegemeo kilichofungwa kwenye meza nyingine hutetemeka kwa mpigo wake chenyewe, na tofauti kati ya mitetemo hiyo miwili huandikwa kwenye makali. Matundu marefu hutobolewa kwa kupiga mstari wa alama, kutoboa matundu ya mviringo yaliyokaribiana kwa keekee, kisha kuondoa kuta zilizobaki kati yake kwa tupa bapa. Ni kazi ya saa moja na zaidi, yenye kuchosha bega, na wengi hushawishika kuyakata kwa grainda ya mkono. Tundu lililokatwa hivyo huwa na kingo zilizopinda, na kitako hakisogei kwa mstari mnyoofu, kasoro ambayo haitaonekana hadi siku kiegemeo kitakapokataa kukaa sambamba na jiwe.

Mguu ni chuma bapa cha upana wa milimita 30 au 40 na unene wa nane, uliosimamishwa juu ya kitako na kuchomelewa pande zote mbili, uso wake mpana ukitazama upande ulipo mhimili wa cherehe, ili bolti itakayoupitia iwe sambamba na mhimili huo. Mguu usisimame mbele ya jiwe. Husimama upande wa nje, kando ya jiwe, kwa sababu mguso ukipandishwa nyuzi 40 kitako hulazimika kusogea ndani kiasi cha milimita 18 kulifuata duara linalorudi nyuma, na mguu uliosimama mbele ungegonga tumbo la jiwe. Juu yake hutobolewa matundu matatu ya milimita 10, moja juu ya jingine, yaliyopimwa ili meza iweze kukaa kwenye kimo cha mhimili, kwenye nyuzi 20 hivi, na kwenye nyuzi 40.

Meza ni bamba jingine la milimita sita, upana wa 120 na kina cha 80. Upana huo ni mara sita ya upana wa jiwe la kawaida la cherehe hizi, ambalo ni milimita 20, nao hauna chembe ya israfu: ubapa wa randa wa milimita 50 unaposogezwa kutoka kona hadi kona hutembea milimita 70 hivi, na lazima ulale juu ya chuma kwa safari yote. Chini ya meza huchomelewa sikio, kipande kifupi cha chuma bapa chenye tundu moja, ambacho hukutana na mguu na kukazwa kwa bolti ya M10. Sikio liwe karibu na ukingo wa meza unaotazama jiwe, kwa kuwa meza huzunguka kwenye bolti hiyo, na kadiri bolti inavyokuwa mbali na ukingo ndivyo kila badiliko la mwinamo linavyoufungua au kuufunga ule mwanya wa milimita tatu. Nati ikichomelewa kipande cha nondo cha urefu wa kidole hugeuka kuwa mkono wa kukazia, na spana haitafutwi tena kila mara.

Uchomeleaji ndio unaoharibu viegemeo vingi vya nyumbani. Bamba la milimita sita likipigwa mstari mrefu wa moto upande mmoja hujikunja kama chapati, na meza iliyojikunja nusu milimita imeshapoteza sababu ya kuundwa. Mafundi waangalifu hulibana bamba kwenye chuma kinene, hupiga madoa mafupi kwa kupokezana pande, huacha lipoe lenyewe bila kulimwagia maji, kisha hulikagua kwa rula ya chuma iliyosimamishwa kwa ukingo wake dhidi ya mwanga. Panapopenya mwanga chini ya rula pana bonde, na vilima vinavyolizunguka hushushwa kwa tupa. Kazi hiyo ifanyike mbali na cherehe, kwani cheche za kuchomelea zikitua kwenye jiwe huacha vitone vya chuma vinavyoziba chembe.

Jambo la mwisho kabla ya kunoa ni usambamba. Ukingo wa meza lazima uwe sambamba na uso wa jiwe, jambo linalopimwa huku umeme umekatwa, kwa kuingiza kipande cha kadi kwenye mwanya na kukisogeza kutoka upande mmoja wa jiwe hadi mwingine: kikikaza upande na kulegea upande, bolti za kitako hulegezwa na kitako kugeuzwa kidogo hadi kadi ipite kwa ugumu uleule. Marekebisho yoyote ya kiegemeo hufanywa jiwe likiwa limesimama, na hakuna haraka ya mteja inayobadilisha hilo.

Pembe yenyewe hupimwa kwa njia isiyohitaji chombo cha gharama. Fundi hupaka wino wa kalamu ya kuandikia maboksi kwenye mshazari wote wa patasi, huilaza kwenye meza, huligusisha jiwe na kulizungusha kwa mkono nusu mzunguko, kisha hutazama wino umefutika wapi. Ukifutika karibu na ncha tu, pembe mpya itakuwa butu kuliko ya zamani, na mwinamo wa meza huongezwa. Ukifutika upande wa kisigino, mwinamo hupunguzwa. Ukifutika katikati, jiwe limeukuta mshazari ulivyo. Katikati, kwa sababu jiwe la duara huchimba bonde kidogo katika mshazari. Kwa patasi yenye unene wa milimita nne iliyonolewa kwa nyuzi 25 kwenye jiwe la kipenyo cha 150, bonde hilo lina kina cha takriban milimita 0.15, unene wa karatasi moja na nusu ya daftari, na seremala hulipenda, kwani anapomalizia kwenye kinoo cha mkono patasi husimama yenyewe juu ya kingo mbili za bonde na haitikisiki.

Kwa seremala asiye na mashine ya kuchomelea, umbo lilelile huwezekana kwa mti. Plaiwudi ya milimita 18 huwa kitako, gogo la mninga au mvule huwa mguu, na meza ya mti mgumu iliyofunikwa kibati cha chuma hufungwa kwa bolti yenye nati ya masikio. Wengine hurahisisha zaidi: huacha kabisa mwinamo wa kubadilisha na kukata kabari kadhaa za mti, moja kwa patasi, moja kwa randa, moja kwa zana za kerezo, kila moja ikiwa imeandikwa jina lake ubavuni na kuwekwa mahali pake inapohitajika. Kabari hizo huenda ni ubunifu bora kuliko chuma chote kilichoelezwa hapo juu kwa fundi mwenye zana tatu au nne za kudumu, kwa kuwa pembe iliyokatwa kwenye mti haisahauliki wala haipimwi upya. Adui wa kiegemeo cha mti ni cheche, ambazo zikiangukia vumbi la randa chini ya meza huweza kufukuta kwa saa nzima baada ya karakana kufungwa.

Meza iliyonyooka huzaa vifaa vingine. Vipande viwili vya chuma bapa vilivyounganishwa kwa skrubu mbili, patasi ikibanwa kati yake kwa pembe mraba, hufanya kishikizo kinachoteleza kando ya ukingo wa nje wa meza, hivyo kwamba makali hutoka yamenyooka hata kwa mwanagenzi wa wiki ya kwanza. Mstari uliokwaruzwa juu ya meza kwa nyuzi 59 kutoka kwenye uso wa jiwe humwongoza anayenoa keekee, kwa kuwa ncha ya keekee ya kawaida ina nyuzi 118, nusu yake kila upande. Hapo meza hulazwa sambamba na sakafu, na shina la keekee hufuata mstari huku nyuma yake ikishushwa kidogo. Tindo la kukatia chuma, ambalo kabari yake huwa ya nyuzi 60, hunolewa nyuzi 30 kila upande. Jambo ambalo kiegemeo hiki hakiwezi kulisaidia ni ile desturi ya kuigeuza grainda ya mkono juu chini, kuibana kwenye jiliwa na kuifanya cherehe: diski yake huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, haina uso mpana wa kunolea, na hakuna kibamba kinachoweza kusogezwa karibu nayo kwa usalama.

Kila jiwe linapopungua, kitako husogea ndani. Fundi anapolisafisha jiwe lililozibwa au kuchimbika, kwa kifaa chenye vigurudumu vya meno au kipande cha almasi, huondoa tabaka jembamba na kulirudishia uduara wake, kisha hulegeza bolti mbili, husogeza kitako hadi mwanya urudi kwenye milimita tatu, na kukagua pembe upya kwa wino, kwa sababu jiwe dogo hugusa kwa namna tofauti na jiwe kubwa. Jiwe lililoanza na milimita 150 likifika 100 limempunguzia fundi milimita 25 za nusu kipenyo na theluthi moja ya kasi, na hapo hukata polepole na huchimba bonde lenye kina zaidi. Milimita 25 hizo, pamoja na zile 18 za kupandisha mguso, zinakaribia kuujaza urefu wote wa tundu la milimita 50 lililotolewa kwa tupa kwenye kitako. Kwa hiyo bolti zinapogonga mwisho wa matundu yake, fundi hahitaji kupima lolote, huzima umeme, hufungua nati ya upande wa kushoto akikumbuka kwamba uzi wake hufunguka kinyume, huligonga jiwe jipya kwa mpini wa bisibisi kusikiliza kama linalia kama kengele au linatoa sauti butu, na kukirudisha kitako nyuma kabisa kando ya mikwaruzo ya mahali kilipopita.